Kufungasha Redio kwa Safari za Pwani ya Tanga

Mwezi Mei 2024 uliwapa watu wa pwani yetu mafunzo mawili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tarehe 12 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom, zilizolazwa chini ya bahari, zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Matukio hayo hayakuhusiana, lakini yote yatukumbusha kuwa mawasiliano tuliyoyazoea hutegemea minara, nyaya na umeme utokao mbali. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji hata kimoja kati ya vitu hivyo. Mtu aliye Pangani mwenye redio ndogo, betri na waya aweza kuzungumza na mwenzake aliye Dar es Salaam au Dodoma, ilimradi vifaa vyake vimefika vikiwa vizima na kamili.

Redio ya ridhaa ni huduma ya watu wanaorusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidia wakati wa maafa, pasipo kutafuta faida. Katika Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na alama za kuitia za vituo vyetu huanza na 5H. Asiye na leseni haruhusiwi kurusha mawimbi. Lakini mahesabu ya somo hili yaweza kufanywa na kila mwanafunzi wa fizikia.

Fuata njia ya umeme

Wengi hufungasha kwa kukumbuka: hiki nimekiona, kile nimekitia. Njia iliyo bora ni kuifuata njia ya umeme yenyewe, kuanzia betri hadi ncha ya eriali, na kutaja kila kiungo: betri, fyuzi, waya wa umeme, redio, kipaza sauti, kebo ya eriali, vihami, eriali na kamba ya kuitundika. Kiungo kimoja kikikosekana, vingine vyote huwa mzigo mtupu. Fyuzi isiyofika uzito wa shilingi yaweza kuibatilisha safari nzima. Kwa hiyo vitu vidogo ndivyo vichukuliwe viwili viwili.

Betri: hesabu kabla ya kubeba

Hebu tuchukue mfano wa redio ya wati 5 inayotumia ampea 2 wakati wa kurusha na ampea 0.4 wakati wa kupokea. Tuseme mwendeshaji hurusha kwa moja ya tano ya muda wake. Wastani wa mkondo utakuwa:

(2 × 0.2) + (0.4 × 0.8) = ampea 0.72

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwani huharibika upesi. Tunabaki na ampea-saa 3.5. Tukigawa kwa 0.72 tunapata karibu saa 4 na dakika 50. Betri hiyo ina uzito unaozidi kilo 2. Betri ya lithi yenye ujazo uo huo ni nyepesi zaidi, nayo huweza kutumiwa karibu yote.

Ncha za betri zifunikwe kwa utepe usiopitisha umeme. Ufunguo au koleo likizigusa ncha zote mbili ndani ya mkoba, mkondo mkubwa utapita na moto waweza kuzuka. Fyuzi nayo iwekwe karibu na betri, ili waya wote uwe chini ya ulinzi wake.

Eriali: waya na chubwi

Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawa 300 kwa masafa yaliyo katika megahezi, utapata urefu wa wimbi katika mita. Kwa megahezi 7.1 urefu ni mita 42.3, na nusu yake ni mita 21.1. Waya halisi hupunguzwa kwa asilimia 5 hivi, hivyo tutakata mita 20 tu na kuzigawa mikono miwili ya mita 10.

Waya huo ukitundikwa chini, tuseme mita 5 kutoka ardhini, hupeleka nguvu nyingi juu. Tabaka la ionosfea huzirudisha chini, nazo huenea mamia ya kilomita kuzunguka kituo, hata nyuma ya milima ya Usambara. Ili kuupandisha, mvuvi atatufundisha: mshipi na chubwi hurushwa juu ya tawi la mvinje, kisha mshipi huivuta kamba. Jihadhari na nyaya za umeme, na ushushe eriali mara usikiapo radi.

Adui ni chumvi

Ndani ya ngalawa vifaa visiwekwe chini penye maji ya ngama. Vifungwe katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vinyonyavyo unyevu. Usiifunge ndoo ingali na hewa ya joto na unyevu, kwa maana ikipoa matone yatajitokeza ndani yake. Viungo vya shaba vifutwe kila jioni, kwani kutu ya kijani huzuia mkondo.

Anayekusudia kwenda Maziwe, fungu la mchanga lililo mbele ya Pangani, aongeze kitu kisicho na uzito: saa za maji. Fungu hilo hufunikwa maji yajaapo, na wakati wa bamvua bahari hupanda upesi. Kwa kuwa ni hifadhi ya bahari, kibali kitafutwe mapema.

Jaribio la mwisho lifanywe nyumbani. Funga mkoba, toka nao uani, usirudi ndani kuchukua chochote, ukafanye kazi kwa saa moja. Kitakachokosekana pale andika katika orodha.

Mazoezi

1. Tafuta urefu wa waya wa nusu ya wimbi kwa megahezi 14.2.
2. Mwendeshaji wa mfano wetu akirusha nusu ya muda, betri itadumu saa ngapi?
3. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri badala ya karibu na redio?