AFYA YAKO: Kompyuta ya Hospitali Nayo Hupimwa

Mkulima wa kahawa anaijua mizani. Akifikisha gunia lake kwenye chama cha msingi, hakubali kuambiwa, "Naona zinafika kilo arobaini." Anataka zipimwe, naye asogee aone mshale unaposimama. Leo tutajifunza kipimo kingine. Ni kipimo cha programu za kompyuta zinazotumika hospitalini.

Programu ni maagizo yaliyowekwa ndani ya kompyuta ili ifanye kazi fulani. Zamani habari zote za mgonjwa ziliandikwa kwa kalamu. Siku hizi hospitali na vituo vingi vya afya nchini vinatumia pia kompyuta. Programu moja ya serikali inaitwa GoT-HoMIS. Huandikisha wagonjwa, huhesabu malipo na huonyesha dawa walizoandikiwa.

Kompyuta yaweza kuwa mpya, lakini programu yake ikawa ngumu kutumia. Hapo ndipo hatari inapoanza. Tuseme mama wa hapa Kagondo amempeleka mtoto wake wa miaka 2 mwenye malaria. Mtoto ana kilo 12. Mtoto wa uzito huo hupewa dawa ya mseto kidonge 1, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Muuguzi amechoka. Maandishi kwenye kioo ni madogo, na nafasi ya kuandika uzito imebanwa. Anaandika 21 badala ya 12. Mtoto wa kilo 21 hupewa vidonge 2 kila mara! Programu nzuri ingemwuliza, "Mtoto wa miaka 2 ana kilo 21, una hakika?" Programu mbaya hunyamaza. Nasi tulioketi kwenye benchi tutamlaumu muuguzi peke yake. Hatumtendei haki.

Kwa hiyo, mama, kabla hujaondoka dirisha la dawa, uliza: "Mmeandika kilo ngapi?"

Programu hupimwaje? Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni mwaka 1998, likazirekebisha mwaka 2018. Linataka tuangalie mambo matatu. Je, kazi imekamilika sawasawa? Je, imechukua muda na nguvu kiasi gani? Je, mtumiaji ameridhika?

Mambo mawili ya kwanza hupimwa kwa macho na saa. Muuguzi hupewa kazi, kwa mfano kumwandikisha mgonjwa mpya. Mpimaji hukaa kando. Hasemi, hasaidii. Anahesabu dakika na makosa. Kunyamaza huko ni kazi ngumu, hasa kwa mtu aliyeitengeneza programu mwenyewe. Kidole kinamwasha aonyeshe!

Jambo la tatu lina kipimo chake. Mwaka 1986, huko Uingereza, John Brooke alitunga sentensi 10. Mtumiaji hujibu kila sentensi kwa namba, kuanzia 1 hadi 5. Namba 1 maana yake anakataa kabisa. Namba 5 maana yake anakubali kabisa. Sentensi ya 1, 3, 5, 7 na 9 husifu programu, kwa mfano kwamba ni rahisi kutumia. Sentensi ya 2, 4, 6, 8 na 10 huilaumu, kwa mfano kwamba inahitaji msaada wa fundi. Zimechanganywa ili mtu asijaze 5, 5, 5 bila kusoma.

Sasa tufanye hesabu. Katika sentensi za sifa, toa 1 kwenye jibu. Katika sentensi za lawama, chukua 5, utoe jibu. Jumlisha zote 10, kisha zidisha kwa 2 na nusu. Muuguzi akijibu 4 kwenye kila sifa na 2 kwenye kila lawama, kila sentensi inabaki na 3. Jumla ni 30. Zidisha, utapata alama 75.

Alama ya juu kabisa ni 100. Wastani wa programu nyingi zilizopimwa duniani ni kama 68. Lakini kipimo hiki ni kama kipimajoto. Kinasema kuna homa, hakisemi ugonjwa uko wapi. Ndiyo sababu macho na saa havitupwi.

ZOEZI. Muuguzi mwingine amejibu 3 kwenye kila sifa na 4 kwenye kila lawama. Programu yake imepata alama ngapi? Andika katika daftari lako kwanza, ndipo usome mstari wa chini.

Jibu: 37 na nusu.