Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Ulimi na kalamu



Ndugu yangu uliyefunga, leo tuanze na neno la mama mmoja mtu mzima, alilolisema baada ya darasa la alasiri: "Maalim, nyie mnashika misahafu mnakhitimisha. Mie sikutiwa skuli, herufi sizijui. Hizi sura nilizonazo nimezipata kwa kusikia tu. Sijui kama nami nimo."

Jamani, wapo wengi kwetu Pemba wenye neno hili moyoni, hasa mwezi huu ambapo kila ukikutana na mtu anakuuliza umefika juzuu ya ngapi. Basi tulitazame vizuri.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa ummiy. Hakuwa akisoma maandishi wala hakuwa akiandika. Amri ya kwanza iliyomjia kule pango la Hira ilikuwa kusoma, na hakupewa karatasi mkononi. Alisomewa, akasikia, akashika, kisha akawasomea wenzake. Hata jina Qur'ani lina maana ya kisomo, kitu kinachotamkwa kwa ulimi. Lakini katika aya zile zile tano za mwanzo za Suratul Alaq, kalamu nayo imetajwa kuwa ni njia ya Mola kumfundisha binadamu. Ukenda Suratur Rahman, mwanzoni tu, baada ya kutajwa kuumbwa mtu kunatajwa kufundishwa kwake kubainisha, yaani kuyasema yaliyomo moyoni. Hizi ni neema mbili: ulimi na kalamu.

Sasa zitazame zinavyotufikia. Mtoto wa Micheweni hawekwi darasani afundishwe kusema "ntu" na "nkono". Anakaa mapajani kwa bibi yake, na akifika miaka mitatu keshakuwa msemaji, hanyamazi. Akenda skuli ndipo anafundishwa kuandika "mtu" na "mkono", na hapo utaona kazi yake! Duniani kote ndivyo. Hakuna watu wasiokuwa na lugha, lakini wengi wameishi na kupita bila ya maandishi. Kusema kumo katika maumbile yetu. Kuandika ni lazima tufunzwe.

Tena maandishi yenyewe yanauhitaji ulimi. Wazee wetu waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa desturi ile ya zamani, herufi be ilisimama pahala pa "b", pahala pa "p", na mara nyingi pahala pa "mb" pia. Kwa hivyo "bata" na "pata" huandikwa sawasawa. Jina la kisiwa chetu hiki, asiyekijua Kiswahili angeweza kulisoma "Biba". Aliyepokea barua hakubabaika, kwa sababu lugha alikuwa nayo kinywani tayari.

Misahafu ya mwanzo nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ile iliyopelekwa mijini wakati wa Sayyidna Uthman (r.a.) haikuwa na nukta wala irabu kama tunazoziona leo. Be, te na the katikati ya neno zilikuwa na umbo moja. Asiyesikia kwa mwalimu angesoma nini? Ndiyo maana mpaka leo chuoni maalim hakupi juzuu ukaondoka nayo. Anasoma, unamfuata, unasoma, anakusikiliza, ukikosea anakusahihisha. Hata wewe mwenye Qur'ani kwenye simu, huyo maalim bado unamhitaji.

Basi mama yetu, umo. Njia uliyoipokelea ndiyo ya mwanzo.

Utauliza: kama ni hivyo, kalamu ya nini? Jibu lilipatikana Yamama, mwaka wa 12 Hijria, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani. Sayyidna Umar (r.a.) akaingia khofu, akamshauri Sayyidna Abubakar (r.a.) ikusanywe pamoja. Kazi akapewa Zayd bin Thabit, naye alikuwa hafidh. Juu ya hivyo hakuandika kwa kutegemea kichwa chake peke yake. Alifuata vilivyoandikwa kwenye makuti na mawe, na vilivyomo vifuani mwa watu. Ulimi una uhai, lakini unakwenda kaburini pamoja na mwenyewe.

Hapa ndipo tunapojikwaa siye. Msimu wa karafuu mtu anakodi mikarafuu ya mwenzake kwa mdomo, chini ya mti, kwa kuaminiana. Nusu ya pesa inatolewa, nusu inangoja mavuno. Kabla ya mavuno mmoja anaitwa na Mola wake. Watoto wanasema baba hakutwambia, mwenye shamba anasema tulipatana, na ndugu waliokuwa wakifutari sinia moja hawaamkiani. Hakuna mwongo pale. Kilichokosekana ni karatasi moja. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Mtume (s.a.w.) naye ametuhimiza tusilale hata siku mbili na jambo la kuusia bila ya wasia ulioandikwa. Kuandika si kumtilia mwenzako shaka. Ni kumhifadhi asije akadhulumiwa wewe ukishaondoka.

Upande wa pili, yapo mambo ya ulimi tunayoyakimbizia kwenye maandishi. Umemuudhi ndugu yako, kisha unamtumia ule ujumbe wa "nisameheni nyote" uliotumiwa watu mia. Ule hauna sauti yako. Yeye anangoja akusikie.

Kazi ya leo, mambo matatu:

1. Kabla ya kufutari, andika madeni yako, unayodai na unayodaiwa, na umwoneshe mtu mmoja wa nyumbani.

2. Yupo uliyekosana naye? Mwendee. Kama yuko mbali, mpigie umsemeze.

3. Baada ya tarawehe kaa na mzee wako asiyejua herufi. Mwambie akusomee sura aliyonayo, umsikilize. Akikosea msahihishe kwa adabu, na ukikosea wewe ukubali.

Ewe Mola wetu, zitengeneze ndimi zetu, zibariki kalamu zetu, na uwarehemu waliotufundisha kwa midomo yao. Amin.

Funga njema. Mfikishie na mwenzako, na kama hajui kusoma, msomee.