Dondoo muhimu: Antena ya wima kwa mawimbi mafupi

Anza na urefu. Robo ya wimbi kwenye bendi ya mita 20 ni kama mita 5 tu: mwanzi mrefu na waya wa shaba vinatosha. Bendi ya mita 40 inataka mita 10, na kamba za kuuzuia mlingoti usiyumbe.

Usimalizie pesa kwenye mlingoti. Tandaza chini yake nyaya 16 au zaidi, la sivyo nguvu ya redio yako itaishia kupasha udongo joto. Tangazo la antena linalodai nyaya hizo hazihitajiki, lisome mara mbili.

Anayeishi kando ya bahari ana bahati. Maji ya chumvi husaidia sana mawimbi ya antena ya wima kufika mbali. Ila kwa rafiki aliye karibu, umbali wa kilomita 200 tu, tundika waya wa kulala. Na usisimamishe chochote karibu na nyaya za umeme.