SOMO: UNYAUFU WA KOROSHO NA USINGIZI WA KARANI



Mkaguzi aingiapo katika chama cha msingi hutazamiwa kufungua vitabu. Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi, hutazama kwanza uso wa karani wa mizani pale mwenyekiti anapoingia ghalani.

Katika chama kimoja cha korosho nilikuta mizani iko sawa kabisa, lakini wakulima wakinung'unika kwamba kila gunia linapunjwa kilo. Karani hakukana. Msimu uliotangulia, mzigo ulipopimwa katika ghala kuu, ulionekana pungufu. Bodi haikuuliza korosho zilikaa ghalani siku ngapi, wala haikukumbuka kwamba hupungua uzito kadiri zinavyokauka, jambo ambalo kila mkulima analijua. Mwenyekiti alimwita karani mwizi mbele ya wanachama, na mshahara wake ukakatwa miezi mitatu bila yeye kusikilizwa. Tangu hapo, kwa maelezo yake, hakupata usingizi wakati wa ununuzi. Na msimu uliofuata akaamua kujiwekea akiba kabla ya kulaumiwa, kilo moja kwa kila gunia.

Sisemi kwamba hakuiba. Aliiba, nami niliandika hivyo katika taarifa yangu. Lakini kumwondoa yeye peke yake kungemweka karani mwingine katika hofu ile ile, na mkulima angeendelea kulipia ukali wa Bodi aliyoichagua mwenyewe.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara kama apendavyo. Ni lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, kosa liwe lake, aelezwe kwa maandishi chanzo cha deni na hesabu yake, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Basi, Ndugu Katibu, andika uzito na tarehe siku mzigo unapoingia, pima tena kabla ya lori kupakiwa, na mjumbe mmoja wa Bodi atie saini pamoja na karani. Upungufu ukitokea, uonekane daftarini kabla haujatafutiwa mtu. Tena amri kwa watumishi zipitie kwako. Nimepata kuona mlinzi aliyetumwa na wajumbe watatu asubuhi moja, mmoja akimtaka amkatie kuni. Ghala lilibaki na nani, hakuna aliyeweza kuniambia.