Mafunzo Niliyopata kwa Kusoma Hadithi za Anguko la Edeni

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na hakuna kisa kilichowachangamsha wanafunzi wangu kuliko cha Adamu na Hawa. Wakristo wamekipata kanisani, Waislamu madrasa, na wote huingia darasani wakiwa na yakini kwamba wanakijua. Nimekifuata kutoka maandiko matakatifu hadi utenzi wa Kiingereza wa karne ya 17 na riwaya ya Kairo, na kila nilipofika nimekuta jambo lilelile: mwandishi mwenye jicho kali hakawii kwenye tunda. Anawatazama wale wawili baada ya kula, aone kama watatupiana lawama au watashikana.

1. Soma kilichoandikwa, si ulichosimuliwa

Sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo ina aya 24 tu. Tofaa halimo. Haikutajwa tunda lilikuwa la aina gani. Wachoraji wa Ulaya ndio waliotuzoesha tofaa, na katika Talmudi marabi walibishana kama mti huo ulikuwa mzabibu, mtini au ngano. Shetani naye hatajwi katika sura hiyo. Aliyepo ni nyoka, mwerevu kuliko wanyama wote, na kumfasiri kuwa ni Shetani kulikuja baadaye. Kurani haikuutaja mti kwa aina yake, wala Hawa kwa jina. Inamwita mke wa Adamu.

Kwa hiyo kipindi changu cha kwanza huwa ni zoezi. Kila mwanafunzi huorodhesha anayoyajua kuhusu kisa hiki, kisha tunasoma andiko polepole na kufuta yasiyokuwemo. Orodha hupungua sana. Nafasi zilizoachwa wazi na andiko ndizo zilizowaalika waandishi wa baadaye, na msomaji asiyeziona hawezi kuiona kazi yao.

2. Lawama iliiva kabla ya adhabu

Katika Mwanzo, Mungu anapomuuliza Adamu, jibu lake linawashtaki wawili kwa pamoja: mwanamke aliyempa tunda, na Mungu aliyempa mwanamke. Hawa naye anamsukumia nyoka. Hukumu haijatolewa bado, lakini umoja wao umeshavunjika, na mwandishi wa kale ameyaonyesha hayo kwa majibu mawili mafupi bila maelezo yoyote.

Katika Sura Al-Aaraf ya Kurani mambo huenda vingine. Shetani anawahadaa wote wawili, na wote wawili kwa pamoja wanakiri kuwa wamezidhulumu nafsi zao na kuomba msamaha. Katika Sura Taha wasiwasi wa Shetani unaelekezwa kwa Adamu mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia kisa hiki kikitumiwa mara nyingi mno, harusini, mimbarini na barazani, kuwanyamazisha wanawake: ninyi ndio mliotuponza. Anayesema hivyo anarudia utetezi wa Adamu, na utetezi huo haukumwondolea Adamu hukumu.

3. Ulimi mtamu si ushahidi wa haki

John Milton alichapisha utenzi wake, Paradise Lost, mwaka 1667 ikiwa na vitabu kumi. Toleo la 1674 liliugawa utenzi huo katika vitabu kumi na viwili. Shetani wake ana ufasaha wa jemadari aliyeshindwa vitani: anausifu uhuru, anadharau utumwa, anawatia moyo malaika walioanguka pamoja naye. Mwishoni mwa karne ya 18, mshairi William Blake alidai kuwa Milton alikuwa wa kambi ya Shetani bila kujijua.

Wanafunzi wengi huvutwa vivyo hivyo, nami huwaacha wavutwe kwanza. Kisha tunaendelea kusoma. Jemadari yule anajikunyata kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala, baadaye anaingia mwilini mwa nyoka, na hotuba zake za uhuru zinaishia kuwaangamiza wawili ambao hawakumkosea lolote. Milton aliijua nguvu ya hotuba. Alikuwa mtumishi wa serikali ya jamhuri iliyosimama baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, na aliishi kuiona ikianguka. Anatufundisha kuusikiliza ulimi mtamu hadi mwisho, tuone unamfikisha nani wapi.

4. Fuatilia mikono yao

Kufikia mwaka 1652 Milton alikuwa kipofu kabisa. Utenzi wake aliutunga kichwani na kuwasomea wengine waandike, lakini mambo ya mwili ameyaona kuliko wenye macho. Katika kitabu cha nne tunawakuta Adamu na Hawa kwa mara ya kwanza wakitembea wameshikana mikono. Katika kitabu cha tisa Hawa anapendekeza wagawane kazi ya bustani, wanajadiliana kwa upole, kisha anauchomoa mkono wake katika mkono wa mumewe na kwenda zake. Nyoka anamkuta peke yake.

Adamu wa Milton hadanganywi. Anajua fika anachokifanya. Anakula kwa kuwa hawezi kuvumilia maisha bila Hawa. Muda si mrefu mapenzi hayo yanageuka matusi, na katika kitabu cha kumi anamfukuza mbele yake na kumwita nyoka. Hawa anaanguka miguuni pake akilia na kusema yuko tayari kuibeba hukumu yote peke yake. Hapo ndipo lawama inapokatika, na aliyeikata ni mwanamke. Mwisho wa utenzi wanatoka langoni wakiwa wameshikana tena. Bustani wameipoteza, mkono umerudi. Nikiulizwa ni wapi Milton alipoifikia hekima yake yote, huonyesha safari hiyo ya mikono.

5. Upweke ulikuwa tatizo kabla ya dhambi

Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 20 riwaya yake, Frankenstein, ilipotoka mwaka 1818. Kiumbe kilichoundwa na Victor Frankenstein kinaisoma Paradise Lost na kuiamini kama historia ya kweli. Kinajilinganisha na Adamu, kisha kinaona kuwa kinafanana zaidi na Shetani, kwa kuwa muumba wake amekitupa na hakina wa kukaa naye. Kinaomba mwenza, Victor anaanza kumuunda, halafu anamharibu. Baada ya hapo ni visasi na vifo.

Shelley alinirudisha kwenye Mwanzo sura ya pili. Huko, kabla nyoka hajatajwa, jambo la kwanza ambalo Mungu anasema si jema ni mtu kuwa peke yake.

6. Edeni yaweza kuwa mtu

Mark Twain alimpoteza Olivia, mkewe, mwaka 1904. Mwaka uliofuata alichapisha shajara ya Hawa, kazi fupi inayoanza kwa uchangamfu wa mwanamke anayeipa dunia majina na kuishia kaburini kwake. Adamu wa Twain anatambua kwamba hakuipoteza Edeni siku waliyofukuzwa. Aliipoteza alipomzika Hawa. Nimewapa kazi hii wasomaji waliofiwa, nao waliielewa bila ufafanuzi wangu.

7. Walio nje ya lango ni wengi

Naguib Mahfouz alichapisha riwaya ya Awlad Haratina katika gazeti la Al-Ahram mwaka 1959. Wanazuoni wa dini waliipinga vikali, na ikatoka kama kitabu mjini Beirut mwaka 1967, si Misri. Mwaka 1994 kijana mmoja alimchoma Mahfouz kisu shingoni kwa ajili ya riwaya hiyo. Adham, ndiye Adamu wa riwaya hiyo, anafukuzwa pamoja na mkewe kwenye jumba la baba yake, Gabalawi, kwa kujaribu kuchungulia kitabu cha siri chenye masharti ya urithi. Anasukuma mkokoteni kutafuta riziki huku akiitamani bustani. Wazao wake wanabaki kwenye uchochoro uleule, wakionewa na wababe, wakidai sehemu yao ya mali ya babu. Mahfouz alilipeleka anguko katika swali la haki: waliozaliwa nje ya lango watagawanaje kilichopo?

Kwa walimu wenzangu na kwa yeyote atakayekisoma kisa hiki na watoto wake, ushauri wangu ni mmoja. Wekeni Mwanzo na Kurani mezani pamoja, someni kwa heshima, na swali la "nani alianza?" likiinuka, ulizeni papo hapo, "na baada ya hapo walitendeana nini?" Swali la kwanza limezalisha dharau kwa karne nyingi. La pili ndilo lililotupa kazi hizi zote, na ndilo linalomhusu kila mmoja wetu, kwa maana sote tunaishi baada ya tunda.