ELIMU YA AFYA: Kwa nini mtoto mmoja hukubaliwa katika utafiti wa chanjo na mwingine hukataliwa?

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwepo mjini Kilifi tangu mwaka wa 1989. Hata hivyo, wazazi wengi bado hawaelewi kwa nini mtoto wa jirani huandikishwa katika utafiti na wa kwao hurudishwa nyumbani. Jibu limo katika masharti yanayoitwa vigezo vya ushiriki.

Vigezo ni vya aina mbili. Vya kwanza humruhusu mtu kuingia, kwa mfano umri au mahali anapoishi. Vya pili humzuia, kwa mfano ugonjwa mwingine au dawa anazotumia. Anayetaka kushiriki lazima atimize vyote vya kwanza na asiwe na hata kimoja cha pili.

Mfano wa chanjo mbili za malaria

Chanjo ya RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu kati ya 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika. Nchini Kenya yalifanyika Kilifi, Siaya na Kombewa. Zaidi ya watoto 15,000 walishiriki katika makundi mawili: wa wiki 6 hadi 12, na wa miezi 5 hadi 17. Majaribio ya chanjo ya R21, ambayo pia yalifika Kilifi, yalichukua takriban watoto 4,800 wa miezi 5 hadi 36.

Mkazi anaweza kulinganisha majaribio hayo kwa kalamu na karatasi. Achore mstari wa miezi 0 hadi 36. Juu yake achore vipande viwili vya RTS,S, na chini yake kipande kimoja cha R21. Kisha asimamishe rula kwenye umri wa mtoto:

• Wiki 8: rula inagusa RTS,S pekee.
• Miezi 4: haigusi chochote.
• Miezi 10: inagusa zote mbili.
• Miezi 20: inagusa R21 pekee.

Mtoto wa miezi 4 hakuachwa kwa sababu ya ukoo wake, wala hakuna aliyembagua. Umri wake haukuwa kati ya ule uliokuwa ukichunguzwa.

Vigezo pia huamua nani atafaidika baadaye. Katika majaribio ya RTS,S, watoto wakubwa waliopata dozi nne walipungukiwa na visa vya malaria kwa asilimia 36, na wachanga kwa asilimia 26. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoidhinisha chanjo hiyo Oktoba 2021, lilipendekeza ianze kutolewa kuanzia miezi 5.

Kompyuta inasaidiaje?

Utafiti mmoja unaweza kuwa na vigezo zaidi ya 20, na rula haitoshi tena. Programu za kompyuta hupanga kila kigezo katika mstari wake na kila utafiti katika safu yake, kwa rangi. Mtumiaji akibadilisha umri au akiondoa sharti moja, picha hubadilika papo hapo na kuonyesha wangapi wamebaki.

Mwaka wa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya Genentech walieleza programu yao, Trial Pathfinder, katika jarida la Nature. Waliitumia kupitia rekodi za wagonjwa 61,094 wa saratani ya mapafu nchini Marekani. Waligundua kuwa masharti kadhaa, yakiwemo ya baadhi ya vipimo vya maabara, hayakubadilisha sana matokeo. Masharti yalipolegezwa kwa kufuata takwimu, idadi ya wanaostahili iliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hivyo, sharti lisilo na sababu nzuri linaweza kumfungia nje mgonjwa ambaye dawa ingemsaidia.

Mkazi afanye nini?

1. Afungue tovuti ya ClinicalTrials.gov, ambayo ni ya bure, kisha achague Kenya, ugonjwa, umri na jinsia.
2. Aangalie kama utafiti bado unaandikisha watu. Majaribio yaliyotajwa hapo juu hayaandikishi tena.
3. Asome vigezo vyote, kwa kuwa kichujio cha tovuti hakionyeshi kila sharti.
4. Aulize kama utafiti umeidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili.
5. Aombe kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Kushiriki ni hiari, na mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote.

Programu haiwezi kumpima mtu. Uamuzi wa mwisho hutolewa na wahudumu wa utafiti baada ya uchunguzi. Mzazi asipunguze umri wa mtoto wala kuficha ugonjwa au dawa ili akubaliwe, kwani vigezo vingi vya kuzuia vimewekwa kumkinga mtoto huyo huyo asidhurike.