Kwa baiskeli kutoka Zegereni hadi Ruvu

Bonde la Ruvu halionekani vizuri kupitia dirisha la basi la Morogoro. Panda baiskeli. Nimeizoea njia inayoanzia Zegereni, inayoshuka hadi Soga na kuifuata reli kuelekea mtoni, na kila anayeniuliza pa kwenda nje ya Dar es Salaam ndiko ninakomwelekeza kwanza.

Kinachonivuta ni matuta. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, na kila walipokuta ardhi ya chini yenye maji iliwabidi waiinue kwanza ndipo walaze mataruma. Sasa reli mpya ya kisasa, SGR, nayo ina tuta lake, na treni zake zimekuwa zikibeba abiria tangu Juni 2024. Linganisha na Uholanzi: huko kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mito kama Lek na Waal zimekuwa barabara za baiskeli, na watu hutoka mbali kwenda kuendesha juu yake. Kingo hizo kazi yake ni kuyafukuza maji. Mwaka 1995 mito ilipojaa kupita kiasi, watu wapatao 250,000 walihamishwa huko kwa hofu kwamba zingepasuka. Tuta la reli hapa kwetu halishindani na maji namna hiyo. Lina makalavati chini yake, mvua ipite iende Ruvu. Na tuta la jaruba la mpunga linafanya kinyume cha hayo yote mawili: linayashika maji yasiondoke. Safari hii nimeipenda zaidi tangu nilipoanza kuyatazama hayo.

Nenda wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika udongo mweusi wa bondeni hunasa tairi, hujaa kwenye madigadi na gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Kipupwe kina faida nyingine: upepo wa kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo kuelekea Ruvu unakusukuma mgongoni. Ukigeuza njia, ukaanzia mtoni, utapambana nao jua likiwa kali.

Ukitoka Dar kwa Barabara ya Morogoro, pita Kibaha Maili Moja hadi Visiga, kisha ingia kushoto. Anza alfajiri. Zegereni ni eneo la viwanda na malori huongezeka kadiri asubuhi inavyosogea, nayo hutimua vumbi lisilokuachia hewa. Ukishayapita, mikorosho na miembe huanza, na njiani utakutana na watu wanaosukuma baiskeli za Phoenix zilizobeba magunia ya mkaa. Wapishe. Mwenye mzigo mzito akisimama kwenye mchanga, kuondoka tena ni kazi kubwa.

Baiskeli yoyote imara inatosha, ila tairi ziwe pana. Jaza upepo pungufu kidogo kuliko unavyojaza kwa lami, maana mchanga wa Pwani humeza tairi ngumu. Bila pampu, viraka, solusheni na tyubu ya akiba usiondoke: mbigili haina huruma, na fundi si kila kijiji anapatikana. Maji beba ya kukutosha hadi Soga.

Soga ndipo pa kupumzika. Kunywa chai, kula muhogo, na usiondoke bila kuuliza njia. Wasalimie wazee kwa shikamoo kabla ya swali lolote. Wao ndio wanaojua ni kalavati gani bado lina maji na njia ipi imelimwa ikawa shamba. Ramani ya kwenye simu haijui hayo.

Kutoka hapo shika njia za vumbi za vijijini, zile zinazoikaribia reli na kuiacha. Hapa nasema kwa msisitizo: usipande juu ya tuta lenyewe. Reli ni ya treni. Ile ya zamani ivuke kwenye tambukareli tu, ushuke, usikilize pande zote mbili. SGR imezungushiwa uzio, treni yake hufikia kilomita 160 kwa saa na haitangulizi kelele nyingi. Pita kwenye vivuko vya chini vilivyowekwa kwa ajili ya watu na mifugo. Mandhari hutaikosa. Kila mwinuko mdogo unakuonyesha mstari wa reli ukinyooka magharibi, na miti mirefu ya kijani inayokuambia mto uko wapi.

Ruvu inatoka milima ya Uluguru na kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kingani. Maji mengi yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka humu, kwa mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa 1959 na Ruvu Chini wa 1976. Nadhani kila mkazi wa jiji angefaa kuuona mto huu kwa macho yake. Lakini uone ukiwa mbali na ukingo: kuna mamba na viboko. Usioge, usinawe miguu, hata ukiona wenyeji wanachota.

Kurudi, panda kaskazini hadi Mlandizi. Usiendeshe Barabara ya Morogoro jioni. Malori ya masafa marefu ni mengi na bega la barabara halitoshi. Patana na kondakta wa daladala, baiskeli ifungwe juu kwa mpira, nauli ya mzigo mkubaliane kabla hujapanda.